Sembène Kwenye Diski: Picha Imerudi, Watazamaji Bado

Kuna njia mbili za kuipoteza filamu. Ya kwanza ni mkanda kuoza. Joto na unyevu vinaushika, unaanza kutoa harufu kali ya siki, unajikunja, na siku mtu akiufungua mkebe anakuta kitu ambacho hakuna mashine itakayokubali kukipitisha. Njia ya pili haina harufu. Mkanda upo, umehifadhiwa vizuri kabisa, ila watu waliotengenezewa picha ile hawana pa kuionea.

Mandabi, filamu ya Ousmane Sembène ya mwaka 1968, imeponywa ugonjwa wa kwanza. Toleo la Blu-ray lililotolewa na kampuni ya Marekani ya Criterion mwaka 2021, kutokana na ukarabati mpya wa kidijitali wa kiwango cha 4K, ndilo toleo bora la filamu hii nililowahi kuliona, na nalipendekeza bila kusita. Ugonjwa wa pili bado uko palepale. Nitayazungumza yote mawili, kwa sababu kwa Sembène huwezi kusifia dawa ya kwanza halafu ukanyamazia ugonjwa wa pili. Huo wa pili ndio uliomfanya, akiwa tayari mwandishi mwenye jina, aongeze kamera juu ya kalamu.

Wengi wetu huku Afrika Mashariki tulimjua Sembène kwa karatasi kabla ya kioo. God's Bits of Wood, Xala, The Money Order: vitabu vya mfululizo wa African Writers Series wa Heinemann, vilivyopita mikono mingi hadi jalada likabaki kwa gundi ya karatasi. Tulivisoma kwa Kiingereza na tukavihesabu kuwa vyetu. Lakini Sembène aliviandika kwa Kifaransa, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lake. Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923. Akaenda Ufaransa, akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, akajifunza kuandika riwaya. Alipoirudia Afrika akaona jambo ambalo waandishi wengi huliona wakalipita kando: watu aliokuwa akiwaandika walikuwa hawawezi kumsoma. Wachukuzi, wafanyakazi wa reli, akina mama wa sokoni, wote wamo vitabuni na wote wako nje ya vitabu. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akikaribia umri wa miaka 40, akaenda Moscow kujifunza filamu katika studio ya Gorky chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Tangu hapo alipenda kuiita sinema shule ya jioni. Hakumaanisha burudani ya wasomi. Alimaanisha darasa la mtu aliyetoka kazini amechoka, asiye na cheti, anayekaa chini na wenzake na kuondoka na la kubishania njiani.

Mandabi ni somo la shule hiyo. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Ibrahima Dieng ni mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili, Mety na Aram, na watoto tele. Ana heshima mtaani, anapenda kula vizuri na anapenda kuonekana ananyenyekewa. Siku moja tarishi analeta barua na hundi ya posta kutoka Paris, kwa mpwa wake Abdou, ambaye huko ni mfagia barabara. Hundi ni ya faranga 25,000. Kati yake 20,000 mjomba amtunzie, 3,000 ampe mama yake Abdou, 2,000 ni za mjomba mwenyewe. Sasa ukitaka kulipwa hundi lazima uwe na kitambulisho. Ukitaka kitambulisho lazima uwe na cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ukitaka cheti lazima ujue tarehe uliyozaliwa, na Ibrahima anajua tu kwamba ni mwaka 1900 hivi. Wakati anazunguka kwenye madirisha ya ofisi, mtaa mzima umeshasikia kwamba amepata pesa. Wanakuja kukopa. Wake zake nao wameshachukua mchele dukani kwa mkopo. Mpiga picha anamdhulumu na kumtoa damu puani. Mwisho ndugu mmoja msomi, mwenye suti na gari, anajitolea kumsaidia kuichukua hundi, na ninyi wenyewe mnaweza kubashiri inakoishia.

Ukisoma muhtasari huo utadhani ni filamu ya kulia. Hapana, ni filamu ya kuchekesha, na uchungu wake umo ndani ya kicheko. Inaanza kwa kinyozi mtaani akimnyoa Ibrahima, wembe ukiingia hadi ndani ya pua, mwenye pua ametulia kama mfalme. Baadaye kidogo anakula mlo mkubwa, anabeua, anakandwa miguu na wake zake. Makhouredia Guèye, aliyeicheza nafasi hii, anafanya kitu kigumu sana. Anakufanya umcheke mzee huyu kwa majivuno yake na wakati huohuo umwonee huruma kwa sababu majivuno hayo ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo. Kila dirisha la ofisi linamnyang'anya kipande. Yeyote aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" na mtu asiyeinua macho kutoka kwenye makaratasi hahitaji kuelezwa lolote kuhusu Senegal ya 1968.

Sasa tuje kwenye kazi ya mafundi.

Watu wakisikia filamu "imekarabatiwa" wengi hufikiri ni kama kupaka nyumba rangi, kwamba kilichochakaa kinafanywa kipya. Kazi yenyewe inafanana zaidi na ya mhariri wa miswada. Filamu inapita picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika 90 basi ina picha 129,600, na kila moja inapigwa skani, inaangaliwa mikwaruzo, vumbi, mtikisiko na rangi iliyopauka. Kisha kuna maswali ambayo kompyuta haiwezi kuyajibu. Doa hili ni uchafu au ni jambo lililotokea mbele ya kamera siku ile? Rangi ya ukuta huu ilikuwa hivi, au mkanda ndio umefifia? Sauti hii ya mvumo ni kelele ya mashine au ni Dakar yenyewe?

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anaijua hali hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo kwa sababu nusu karne hivi baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua na Mwingereza William Taylor waliyakusanya, na mwaka 1940 William Hichens akayachapa. Anayemsoma Muyaka leo anayasoma pia masikio ya Mwalimu Sikujua. Mhariri mwaminifu huacha neno la Kimvita lilivyo na kulieleza pembeni. Mhariri asiye na subira hulisanifisha, na shairi likawa safi na bubu. Kwenye filamu dhambi kama hiyo ipo, na imefanywa mara nyingi kwenye diski za filamu za zamani. Mkanda wa filamu una chembechembe zake za asili, ndizo zinazobeba picha. Fundi akizifuta zote ili picha ionekane "ya kisasa", nyuso zinageuka nta, kama picha ya harusi iliyopitishwa kwenye app ya kulainisha ngozi.

Mandabi haikufanyiwa hivyo, na hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza kwa toleo hili. Chembechembe zipo. Jasho la Ibrahima lipo. Mchanga wa uani una uzito wa mchanga. Kwenye kopi hafifu zilizokuwa zikizunguka miaka mingi, rangi zilikuwa zimezama kwenye wekundu uliochoka, kiasi kwamba mtaa wa maskini na ofisi ya serikali vilifanana. Sasa vimetengana. Unaiona nguo iliyofuliwa mara nyingi, unaiona pia iliyonunuliwa jana. Katika filamu inayohusu nani ana pesa na nani anajifanya anazo, hiyo tofauti ni sehemu ya hadithi. Sembène alikuwa mtu wa vitu: kofia, viatu, mwavuli, gunia la mchele. Ukimfifishia vitu vyake umemfutia maneno.

Sifa ya pili ni ya masikio, nayo kwangu ni kubwa zaidi. Filamu hii ilipigwa katika matoleo mawili, moja kwa Kiwolofu na moja kwa Kifaransa, lenye jina Le Mandat. Fedha za Ufaransa zilikuwa ndani ya mradi, na fedha huja na lugha yake. Ukiwa na toleo la Kifaransa tu, hebu fikiria kinachotokea. Ibrahima anaongea Kifaransa na mkewe, Kifaransa na kinyozi, kisha anaingia ofisini na kukutana na karani anayeongea Kifaransa, na ghafla eti haelewi! Hadithi nzima inaanguka. Mzee huyu anateswa na ukuta wa lugha, na toleo lile limeubomoa ukuta kabla hajaufikia. Katika toleo la Kiwolofu kila kitu kinasimama sawasawa. Nyumbani ni Kiwolofu, msikitini ni Kiwolofu, na dirishani inakuja ile lugha nyingine, inatemwa haraka haraka na vijana waliovaa tai, wanaomwita mzee kwa namna ambayo hakuna kijana angethubutu kumwita uani kwake.

Hata jina lenyewe limebeba jambo hili. Mandabi ni neno la Kifaransa mandat lililofungiwa mkiani kiashiria cha Kiwolofu, bi: ile hundi. Sisi tuliozoea kuivalisha shule, benki na tiketi nguo za Kibantu tunaielewa kazi hiyo bila mwalimu. Wawolofu wamelipokea neno la mkoloni na kulipa nyumba. Lakini pesa iliyo ndani ya neno hilo bado iko upande wa pili wa dirisha.

Ili uone umbali aliotembea Sembène, iweke Mandabi kando ya La Noire de..., filamu yake ya mwaka 1966 iliyopata Tuzo ya Jean Vigo. Nayo imekarabatiwa, na Criterion waliitoa mwaka 2017 pamoja na Borom Sarret, filamu fupi ya mwaka 1963 kuhusu mwenye mkokoteni wa Dakar. La Noire de... ni hadithi ya Diouana, msichana wa kazi anayechukuliwa kutoka Dakar hadi Antibes na kujikuta mfungwa ndani ya jiko la watu. Ni filamu kubwa. Ila sikiliza mawazo ya Diouana: yanakuja kwa Kifaransa fasaha, tena si kwa sauti ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona, bali ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Msichana asiyejua kusoma barua ya mama yake anawaza kwa lugha ya bosi wake. Wapo wanaoliona hilo kuwa la kishairi. Mimi naliona kuwa jeraha. Miaka miwili baadaye, kwenye Mandabi, jeraha hilo limefungwa: watu wanaongea kama wanavyoongea.

Diski ya La Noire de... inafundisha jambo jingine kuhusu uhariri. Kulikuwa na sehemu ya rangi, Diouana akiwasili Ufaransa na kuuona uzuri wa pwani ile, ambayo haimo katika filamu iliyoonyeshwa 1966, ambayo yote ni nyeusi na nyeupe. Waliokarabati hawakuirudisha ndani kwa nguvu. Wameiweka pembeni, kwenye nyongeza, uitazame ukitaka. Huo ndio ustaarabu wa mhariri mzuri: maandishi yaliyochapwa hapa, lahaja nyingine kule, na msomaji aachiwe akili zake.

Nyongeza za Mandabi nazo si za kujaza nafasi. Kuna utangulizi wa mtaalamu wa sinema Aboubakar Sanogo. Kuna mazungumzo kati ya Boubacar Boris Diop na mwanasosholojia Marie Angélique Savané. Kuna pia Tauw, filamu fupi ya Sembène ya mwaka 1970 kuhusu kijana wa Dakar anayesaka kazi. Mpenzi wa fasihi aanze na Boris Diop, maana yeye ni mwandishi aliyejijengea jina kwa riwaya za Kifaransa kisha akaandika riwaya kwa Kiwolofu, Doomi Golo. Kumsikiliza akimzungumzia Sembène ni kumsikiliza mtu aliyelibeba swali lilelile hadi upande wa karatasi. Sisi wa Kiswahili tunapenda kudhani kwamba swali la lugha tulishalimaliza zamani. Msikilizeni halafu tujiulize tena.

Sasa upande wa pili.

Diski za Blu-ray zimegawiwa dunia kwa kanda. Marekani iko kanda A. Afrika iko kanda B, pamoja na Ulaya. Diski ya Criterion ni ya kanda A. Maana yake, kwa kanuni ya waliozitengeneza, filamu ya kwanza ndefu ya Sembène kwa Kiwolofu, katika toleo lake zuri, inakataa kuchezwa kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Dakar, Mombasa au Mwanza. StudioCanal nao walitoa toleo lao Uingereza mwaka huohuo wa 2021, na hilo kwa Blu-ray linaangukia kanda yetu. Lakini ukichukua DVD ya Uingereza, kwenye DVD mipaka imechorwa tofauti: Uingereza ni kanda 2, na sehemu kubwa ya Afrika imewekwa kanda 5. Ni mambo ya kuchekesha kama yasingekuwa ya kweli. Hii ni filamu kuhusu mtu anayezungushwa kutoka dirisha hadi dirisha kwa kukosa karatasi sahihi, na diski yenyewe inakuuliza kitambulisho.

Mtu ataniambia: acha hizo, deki nyingi za bei nafuu huku kwetu hazijali kanda. Kwa DVD ni kweli, na ahsante kwa mafundi wa mtaani. Lakini bei je? Blu-ray moja ya Criterion bei yake ya orodha ni dola 39.95, yaani takriban laki moja ya Kitanzania kabla hujagusa nauli ya mzigo wala ushuru. Na lugha je? Maandishi ya tafsiri kwenye diski hiyo ni ya Kiingereza. Kwa hiyo shule ya jioni sasa ina ada, ina getikali na ina mtihani wa kuingilia wa Kiingereza. Wanafunzi waliokusudiwa wako nje ya ukuta, mahali palepale Sembène alipowakuta mwaka 1960.

Sisemi haya kuwalaumu waliokarabati. Tusiwe watu wa kumtukana aliyezima moto kwa sababu alikuja na maji ya kwao. Ukitazama Sembène!, filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2015 ya Samba Gadjigo na Jason Silverman, utaiona nyumba ya mzee huyu pale Yoff baada ya kifo chake mwaka 2007, na mikebe ya filamu iliyoliwa na kutu. Kama kazi yake yote ingekuwa imehifadhiwa kwenye nyumba ile tu, leo tusingekuwa na cha kujadili. Negativu ya La Noire de... ilipatikana kwa sababu ilikuwa Ufaransa, kwenye ghala lenye baridi la taasisi ya sinema ya nchi ile. Waongozaji wa Afrika ya Kifaransa walikuwa hawana maabara za kusafishia filamu nyumbani, kwa hiyo mikanda ilienda Paris na mingi ikabaki huko. Utegemezi uleule uliomnyima Sembène uhuru ndio uliomtunzia filamu. Hilo ni chungu, na ni kweli.

Tena mambo yameanza kupangwa vizuri zaidi. Mwaka 2017 The Film Foundation ya Martin Scorsese, shirikisho la waongozaji wa Afrika FEPACI na UNESCO walianzisha mradi wa urithi wa filamu za Afrika, ukilenga filamu 50. Soleil Ô ya Med Hondo imeshakarabatiwa. Sambizanga ya Sarah Maldoror imeshakarabatiwa. Mwaka 2024 Criterion wametoa Emitaï, Xala na Ceddo za Sembène kwenye kasha moja. Ceddo ndiyo ile ambayo serikali ya Senghor iliizuia Senegal kwa hoja ya tahajia, eti jina liandikwe kwa d moja badala ya mbili. Mshairi aliyekuwa rais aliizuia filamu kwa herufi moja! Hayo yote ni mapato. Ninachouliza ni kwamba baada ya mkanda kupona, anayefuata kuponywa ni nani?

Jibu langu linatoka mahali ambapo wapenzi wa diski za bei mbaya huwa hawapaangalii: kibanda umiza. Watu wa Dar waliokulia kwenye mabanda ya video wanalijua jina la Lufufu. Huyu alichukua filamu za Kihindi na za Hong Kong akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, akieleza mila, akimpa mhusika jina la mtaani, akimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Wasomi huwaita waharibifu wa filamu. Lakini tuangalie vizuri. Mwaka 1984 Criterion, zama za diski kubwa za leza, walitoa King Kong ikiwa na kitu kipya: sauti ya pili ya mtaalamu Ronald Haver akiizungumzia filamu huku inaendelea. Tangu hapo sauti ya maelezo imekuwa fahari ya matoleo yao, watu wanailipia. Sasa tofauti ya Haver na Lufufu ni nini? Wote wawili wamekaa kati ya picha na mtazamaji wakasema: ngoja nikueleze unachokiona. Mmoja alipewa studio na heshima, mwingine akapewa jina la haramia. Sembène, aliyependa kumfananisha mtengeneza filamu na manju, yule msimulizi wa Afrika Magharibi anayebeba habari za watu wake, sidhani kama angesumbuka kumtambua ndugu yake kati ya hao wawili.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kawaida kabisa, si la kimapinduzi. Wenye haki za Mandabi watoe ruhusa ya maandishi ya Kiswahili. Tafsiri ya filamu ya dakika 90 ni kazi ambayo watafsiri wetu wanaiweza, na diski inayobeba maandishi ya lugha moja haishindwi kubeba ya lugha mbili. Halafu watoe na ruhusa ya usimulizi: msimulizi mmoja hodari, kipaza sauti kimoja, na idhini iliyoandikwa, ili kazi hii kwa mara moja ifanyike mchana. Faili hilo lionyeshwe ZIFF Zanzibar, lionyeshwe vyuoni, na lipelekwe kwenye mabanda yenyewe. Kiswahili kinastahili hata zaidi ya Kiingereza kwa kazi hii, kwa sababu ya jambo moja dogo. Maandishi ya Kiingereza huwalaza Kiwolofu na Kifaransa kitanda kimoja, yote yakawa Kiingereza. Msimulizi wa Kiswahili anaweza kumwacha mke aongee Kiswahili cha nyumbani, na karani aongee kile Kiswahili cha ofisini kilichochanganywa Kiingereza cha kujipandisha, na banda zima likajua bila kuambiwa nani anamdharau nani.

Kuna wasiwasi mmoja wa haki. Je, sauti ya msimulizi haitaifunika kazi ya Sembène, kama vile fundi mbaya anavyofuta chembechembe? Inaweza. Msimulizi mlevi wa sauti yake ataua ukimya wa filamu hii, na ukimya wake una thamani: Ibrahima akitembea juani baada ya kila ofisi, hasemi kitu, na hatua zake ndizo zinazosema. Ndiyo maana nasema msimulizi hodari, na ndiyo maana toleo lililokarabatiwa ni muhimu. Linabaki pale, safi, la kurudiwa. Usimulizi unakaa juu yake bila kulifuta, kama sharhi inavyokaa pembeni mwa mswada.

Hukumu yangu kuhusu diski yenyewe ni hii. Kwa picha, alama zote. Kwa sauti, alama zote, na shukrani kwa kuisimamisha Kiwolofu mahali pake. Kwa nyongeza, nzuri sana. Mwenye uwezo wa kuipata aipate, aalike watu watano sebuleni, na asiitazame peke yake. Mwishoni tarishi, yuleyule aliyeileta hundi, anamwambia Ibrahima aliyekata tamaa kwamba hali hii inaweza kubadilishwa, na kwamba watakaoibadilisha ni wao. Hayo maneno hayakuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa kimya na rimoti mkononi. Yaliandikwa yasikike kwenye chumba chenye watu, ili mmoja aguse mwenzake begani na kuuliza: sisi tutaanzia wapi?